Kazi Yangu, Jina Lako

Makofi yalipigwa mara mbili. Ya kwanza yalikuwa pale mkurugenzi alipomtangaza mhandisi mkuu mpya wa mfumo wa majibu ya vipimo, na ya pili pale mhandisi mwenyewe alipovuka ukumbi, akamfuata mkewe nyuma kabisa karibu na mashine ya kahawa, akambusu kwenye paji la uso mbele ya watu wote. Wasichana wa idara ya mauzo wakaguna kwa wivu. Mmoja akasema, bila hata kujaribu kunong'ona, "Wengine wamezaliwa na nyota zao, jamani."

Mama Kidoti akatabasamu. Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa unamwangalia yeye atafurahi vipi, na kwa sababu mwanamume aliyemshika kiuno alikuwa anatetemeka kwa furaha kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya. Alimpenda sana mwanamume huyu. Hilo tuliseme mapema, maana yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji afikirie vingine.

Mfumo ule alikuwa ameujenga yeye, Mama Kidoti.

Miaka minne nyuma, kabla hajaolewa, alikaa mbele ya skrini tupu akauanza peke yake. Sasa hospitali thelathini zilikuwa zinautumia. Mgonjwa akitolewa damu na maabara ikaipima, majibu yalipitia kwenye mfumo huo mpaka kwenye kompyuta ya daktari. Mfumo ukianguka, daktari anatazama skrini isiyo na kitu, na mgonjwa anabaki kwenye benchi akisubiri kuambiwa ana nini. Kwa hiyo ofisini kulikuwa na zamu ya kengele. Kila wiki mhandisi mmoja aliishika, na mfumo ukianguka, saa yoyote ile, simu yake ndiyo iliyolia, na ole wake asiisikie.

Kidoti alipozaliwa, na hilo jina la utani alilipata kwa sababu ya alama nyeusi aliyokuja nayo shavuni, baba yake alifanya jambo ambalo ofisi ililisimulia kwa wiki nzima. Alimwendea mratibu wa zamu akamwambia, zamu zote za mke wangu nipangie mimi. Nyumbani akamwambia mkewe, "Wewe nyonyesha mtoto. Kengele niachie mimi." Mama Kidoti alilia siku ile, kilio cha mtu anayejiona amependwa.

Lakini kuamka ni kitu kimoja na kutengeneza ni kitu kingine. Baba Kidoti aliamka kweli, hakuna wa kumnyima sifa hiyo. Aliketi kitandani, kompyuta mapajani, akajikuna kichwa. Kazi yake ya siku zote ilikuwa kupanga kurasa, rangi na vitufe vya kubonyeza. Matumbo ya mfumo hakuyajua. "Fundi," alimwita mkewe kwa jina la siku za uchumba, "hebu angalia hapa." Naye, mtoto akiwa kifuani, alivuta kompyuta ile akaandika kwa mkono mmoja mpaka mfumo ukainuka tena. Kisha wakalala. Nani, kwa hali hiyo, angesema ngoja kwanza nikachukue kompyuta yangu, niingie kwa jina langu? Kompyuta ya mume ilikuwa wazi tayari, na jina lililokuwa ndani yake ni la mume. Mfumo nao uliandika kila kitu: nani kaingia, kafanya nini, kamaliza saa ngapi. Kwa miezi kumi na moja ulianguka mara ishirini na tatu, na mara zote ishirini na tatu aliyeandikwa kuwa ameuinua ni Baba Kidoti.

Kamati ya kupandisha watu vyeo ilisoma rekodi hizo. Za Mama Kidoti zilionyesha mtu aliyetoka likizo ya uzazi, anayeondoka saa kumi na moja kamili kila jioni, na asiyeshika zamu hata moja. Mumewe naye aliondoka saa kumi kila Jumatano kumpeleka mtoto kliniki, na kwa hilo aliitwa baba wa mfano.

*

Chumba cha kuwekea karatasi kilikuwa ghorofa ya pili. Hakikuwa na dirisha, na kwa miezi sita Mama Kidoti alikuwa akijifungia humo mara mbili kwa siku kukamua maziwa. Mumewe alijua pa kumtafuta. Alimkuta amekaa juu ya boksi la karatasi, mikono mapajani.

"Umenuna," alisema, akafunga mlango.

"Sijanuna."

"Nakujua, mke wangu. Ukinuna unakuwa na adabu kupita kiasi."

Siku nyingine angecheka. Alimwangalia yule mwanamume mrefu, shati lile alilompigia pasi asubuhi, macho yale mapole yaliyomfanya miaka mitatu iliyopita akatae wachumba wawili waliokuwa wanapendwa na ukoo mzima.

"Ulijua kwamba wanakufikiria wewe?" aliuliza.

Baba Kidoti akatazama viatu vyake. "Waliniita wiki iliyopita. Wakanihoji."

"Wiki iliyopita. Ukarudi nyumbani, ukamwogesha mtoto, ukaniuliza tutakula nini."

"Niliogopa kukuambia."

"Na ulikuwa unajua kwamba cheo hicho nimekiomba. Fomu niliijazia mezani kwetu, wewe ukiwa unanichagulia maneno."

"Najua."

"Walipokuuliza kuhusu mfumo, uliwaambia nani alikuwa anautengeneza?"

Nje mtu alipita akipiga mluzi. "Hawakuniuliza nani," alisema hatimaye. "Rekodi walikuwa nazo mezani. Walinipa mkono kabla sijakaa."

"Na wewe ukaupokea."

"Mama Kidoti, nisikilize. Nina miaka thelathini na sita. Miaka tisa niko hapa, na sijawahi hata siku moja kusimama mbele ya watu wakanipigia makofi. Kwetu wadogo zangu wote wawili wana vyeo. Nikienda nyumbani mama ananiuliza, na wewe je, bado uko pale pale? Wewe una akili, kila mtu anajua."

"Nani anajua?"

"Mimi najua."

"Basi kawaambie." Alisimama. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Sitaki unyang'anywe chochote kwa ugomvi. Nataka useme tu kilichotokea. Ukishasema, hata wakikuachia cheo, nitakupikia keki mimi mwenyewe."

Mumewe akamwangalia. Msomaji aliyewahi kupendwa anaujua mtazamo ule, ule wa mtu anayekuona wewe tu, wewe na taabu zako. Akamshika mkono, akaubusu kwenye vifundo vya vidole.

"Twende," alisema. "Twende sasa hivi. Siwezi kukupoteza kwa ajili ya kiti."

Naye akaamini. Alipanda ngazi mkono wake ukiwa ndani ya ule wa mumewe, moyo ukimdunda kama msichana anayekwenda kuvishwa pete.

*

Mkurugenzi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, wote walimwita Madamu. Alikuwa amelea watoto watatu katika kazi hiyo hiyo na hakuna aliyewahi kumsikia akiwataja.

"Karibuni, karibuni. Mmekuja kushukuru kwa pamoja? Kaeni."

"Madamu," Baba Kidoti alianza, "kuna jambo. Kuhusu zamu za kengele." Akakohoa. "Mke wangu… zile zamu, unajua tunaishi nyumba moja."

Madamu akacheka. "Nilikuwa nadhani hivyo, kwa kuwa mmeoana."

"Ninachotaka kusema, mke wangu naye ana mchango. Alikuwa ananisaidia sana."

Mama Kidoti aligeuza shingo polepole akamtazama. Mumewe alikuwa anatazama kikombe cha kalamu mezani.

"Na hiyo ndiyo raha ya kuoa mtu wa fani yako," Madamu alisema kwa uchangamfu, akamgeukia Mama Kidoti. "Ndiyo maana na wewe, mwanangu, sijakusahau. Nimekuhamishia kitengo cha vitabu vya maelekezo. Hakuna kengele, hakuna presha, saa tisa uko kwako na mtoto. Ruhusa zako za kuingia kwenye mfumo zimefungwa leo saa nane mchana, usije ukasumbuliwa tena na mtu."

"Madamu, mimi sikuomba kitengo hicho."

"Hukuomba, ndiyo. Lakini mimi nina macho. Mimi nilirudi kazini mtoto ana wiki sita, na hakuna aliyenihurumia. Nilijiambia, nikipata nafasi, nitawahurumia wengine."

Alikuwa anasema kweli. Alikuwa ametoa zawadi aliyoingoja miaka ishirini na tano. Mama Kidoti aliliona hilo, na ikamwia vigumu zaidi kufungua mdomo.

"Mara zote ishirini na tatu mfumo ulipoanguka," alisema, "niliuinua mimi. Kwa kompyuta yake. Yeye alikuwa amekaa pembeni yangu."

Uchangamfu ukaondoka usoni kwa Madamu. Alivaa miwani, akaivua. Akamgeukia mume.

"Ni kweli?"

Mama Kidoti alimwona mumewe akimeza mate. Aliona pia, kupitia kioo cha mlango, wafanyakazi wenzao wakining'iniza karatasi za rangi kwa ajili ya sherehe ya kesho ya mhandisi mkuu mpya, na alijua kwamba naye anaziona.

"Alinisaidia sana, Madamu," alisema Baba Kidoti. "Siwezi kukataa hilo. Alinisaidia sana sana."

Madamu akavuta pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Mambo ya ndani ya nyumba myamalize nyumbani," alisema, na akainuka kuwafungulia mlango.

*

Walirudi kwao jua likiwa bado juu, gari moja, bila neno. Mlangoni walipokewa na mama mkwe, aliyekuja kumlea mjukuu wake, mtoto mgongoni, simu mkononi. Alikuwa ameshawapigia ndugu wote mpaka wale waliosusa harusi.

"Mhandisi mkuu!" alimkumbatia mwanawe, akamvuta na mkwe. "Na wewe mwanangu, mbona uso huo? Akipanda yeye si umepanda wewe? Nyumba ni moja."

"Ndiyo, mama."

"Sasa utulie ulee. Na huyu Kidoti anahitaji mwenzake, au mnangoja nife ndiyo mzae?"

"Mama, tafadhali," Baba Kidoti alisema.

"Tafadhali nini? Nasema ukweli. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa kwanza ofisini kwetu. Baba yako alipopata cheo, niliacha. Nilikufa? Sikufa." Alikuwa amekaa mezani tayari, na vidole vyake vilikuwa vinagonga ubao kwa mpangilio, haraka, herufi baada ya herufi, yeye mwenyewe akiwa hana habari. Mama Kidoti aliviangalia vidole vile mpaka akashindwa, akaenda chumbani.

Mumewe alimfuata. "Nilitaka kusema. Nakuapia, maneno yalikuwa hapa." Alijigusa koo.

"Najua. Niliyaona."

"Nichukie basi. Nipige. Usininyamazie hivi."

"Sikuchukii. Ningekuwa nakuchukia ningepumzika."

Hapo ndipo simu ya Baba Kidoti ilipolia, mlio ule mkali wa kengele ya mfumo ambao nyumba nzima iliujua, hata mtoto aliacha kucheza. Akaisoma. Hospitali kumi na saba. Majibu hayafiki.

Akafungua kompyuta juu ya kitanda. Akaandika, akafuta. Dakika tano zikapita, zikawa kumi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Simu ililia tena: hospitali ishirini na mbili.

"Fundi," alisema kwa sauti ndogo.

"Ruhusa zangu zimefungwa saa nane."

"Tumia zangu. Kuna watu wanasubiri, mke wangu. Kuna watu wako kwenye mabenchi."

Hilo ndilo lililomshinda. Angeweza kumwacha mumewe aumbuke, na kusema kweli kwa dakika kadhaa alitamani hivyo kwa moyo wote. Lakini mabenchi yale aliyajua. Mwaka wake wa kwanza kazini alizunguka hospitali tano akikaa na wagonjwa ili aone wanavyosubiri, na kuna mzee mmoja aliyemwomba amshikie mkono mpaka karatasi yake itoke. Akavuta kompyuta.

Aliuona ugonjwa mara moja. Maabara moja ilikuwa imetuma jibu lisilo na tarehe, mfumo haukujua uliweke wapi, na majibu mengine yote yakapanga foleni nyuma yake yasipite. Tatizo hilo alikuwa ameliandikia ripoti mwezi wa tatu akaambiwa litaangaliwa. Aliliweka jibu lile pembeni, akaandika mistari sita ya kuzuia jingine kama hilo, akajaribu, akaachia. Foleni ikaanza kusogea. Kwenye skrini hospitali moja ikawa kijani, ikafuata ya pili, mpaka zote.

Kisanduku kikatokea, kile kinachotokea kila kazi inapokwisha. Jina la aliyefanya kazi lilikuwa limejijaza lenyewe, jina la mumewe. Chini yake palikuwa na nafasi ya maelezo. Mama Kidoti akaanza kuandika: *Imetengenezwa na…*

Mkono wa mumewe ukashuka juu ya wake, taratibu, bila nguvu yoyote.

"Usiandike," alisema. "Wataniuliza kwa nini nimekupa akaunti yangu wakati umefungiwa. Ni kosa la kufukuzwa. Wote wawili. Mtoto atakula nini?"

Alichosema kilikuwa sahihi kabisa. Mama Kidoti alitafuta kosa katika maneno yale kama anavyotafuta kosa kwenye programu, mstari kwa mstari, na hakulipata. Akafuta herufi alizoandika. Akabonyeza.

Haikupita dakika moja, Madamu akapiga simu. Sauti yake ilijaa chumba. "Dakika ishirini na tisa! Na siku yako ya kwanza! Leo nitalala usingizi. Maana nilikuwa nimeanza kujiuliza, kwa maneno aliyosema mkeo. Nisamehe kwa hilo."

Baba Kidoti alimwangalia mkewe. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na mdomo ulifunguka. Mama Kidoti akasimama, akasubiri.

"Asante, Madamu," mumewe alisema.

Mama Kidoti hakupiga kelele. Alitoa begi juu ya kabati akaweka nguo za mtoto, nepi, dawa ya kikohozi, na kompyuta yake. Akampigia dada yake akamwambia anakuja na atakaa. Sebuleni mama mkwe alisimama akiwa na mikono kichwani.

"Mwanangu, unaondoka siku ya furaha? Watu watasemaje?"

"Waambie nimekwenda kupumzika, mama."

"Mtu anachoka hivyo kwa kukaa ofisini?"

Mama Kidoti akamchukua mtoto, akambusu yule mama mkono, kwa heshima, maana hakuwa na ugomvi naye. Kisha akaelekea mlangoni, na Baba Kidoti akamfuata pekupeku, mikono ikining'inia.

Ni aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa: mwanamke yule alipunguza mwendo. Alikitafuta kitasa kama mtu asiyejua mlango wake. Alikuwa amejiapiza kwamba mumewe akisema usiende, neno hilo moja tu, ataweka begi chini, atalia mpaka atosheke, na atabaki. Alisikia hatua zake nyuma. Alisikia pumzi zake zikija juu. Mkono wa mumewe ukamgusa bega, na kwa mara ya mwisho katika maisha yao moyo wake ukaruka kwa ajili yake.

"Mama Kidoti," alisema Baba Kidoti, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea njia. "Na mfumo ukianguka tena, nitafanyaje?"

Mama Kidoti akampakata mtoto vizuri, akafungua, akatoka.